Ukiishi Nairobi, nunua mashua ya futi 30

Mkazi wa Nairobi anayetaka mashua ya matanga ya kusafiria, ya kuwekwa Kilifi au Mtwapa na kufikiwa wikendi mojamoja, asipite futi 32. Nasema hivi hata kwa mwenye uwezo wa kununua ya futi 42.

Futi 12 za nyongeza juu ya 30 zinaonekana kidogo. Lakini chombo kirefu huwa kipana zaidi na huzama zaidi. Mashua ya kawaida ya futi 30 ina tani 4 au 5. Ya futi 42 hufika tani 10 au 11. Uzito huo ndio unaoamua unene wa kamba, bei ya kila kifaa, na kama watu wawili wataimudu.

Tuanze na nanga. Pwani yetu, wakati wa bamvua kubwa, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Ukitia nanga kwenye mita 4 maji yakiwa yamepwa, yakijaa utakuwa kwenye mita 8. Ongeza mita 1 ya kimo cha omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, zidisha kwa 5 ili mnyororo ulale chini na nanga ishike: unahitaji mita 45 za mnyororo. Mashua ndogo hutumia nanga ya kilo 10 na mnyororo wa milimita 8, wenye kilo 1.4 kwa mita. Nanga ikiachia mchanga unavuta nanga pamoja na mita 8 za mnyororo unaoning'inia, kilo 21 hivi, kazi ya mikono miwili. Kubwa hutaka nanga ya kilo 25 na mnyororo wa milimita 10, na hapo unavuta zaidi ya kilo 40. Winchi ya umeme ikigoma usiku na upepo umegeuka kukusukuma kwenye mwamba, hizo si kilo za kuchezea.

Tanga kuu nalo ni vivyo hivyo: la mita za mraba 20 mtu mmoja hulikunja kulipunguza upepo ukizidi, akiwa amesimama kando ya mlingoti, la 40 humtaka msaidizi.

Wauzaji husifu kasi. Kilifi hadi Lamu ni kama maili 100 za bahari. Kwa wastani wa fundo 5, yaani maili 5 za bahari kwa saa, ni saa 20. Kwa fundo 6.5 ni zaidi ya 15. Mchana wetu una saa 12, kwa hiyo bila msaada wa mkondo vyombo vyote viwili vitalala njiani au kusimama Malindi. Kurudi wakati wa kusi, msimu wa upepo wa kutoka kusini, ndiyo balaa. Upepo unatoka mbele, na mkondo unaokwenda kaskazini waweza kufika fundo 3 au zaidi. Ukibisha, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, kwa fundo 5, unasogea kuelekea kusini kwa 3.5 tu, na mkondo unakunyang'anya karibu zote. Kubwa hubakiwa na fundo 1.5. Dawa ni kungoja kaskazi, msimu wa upepo wa kutoka kaskazini, kama majahazi yalivyofanya karne nyingi.

Jambo ninalolithamini kuliko yote ni gadi, nguzo za kuegemeza chombo kisianguke kikiwa nchi kavu. Mashua ndogo yenye mkuku mrefu, ule uti wa chini ya chombo, huingizwa kwenye mchanga mgumu maji yakijaa, ikaegemezwa gadi pande zote mbili, na maji yakipwa una saa nne hivi za kukwangua magamba na kupaka rangi ya kuyazuia. Sehemu ya chini ina kama mita za mraba 26, lita 6 kwa mikono miwili ya rangi. Futi 42 ni karibu mara mbili, na tani 11 juu ya mkuku mwembamba haziegemezwi gadi, zinasubiri kreni.

Halafu kuna kutokuwapo kwako. Mashua inakaa wiki sita kwenye joto na chumvi huku wewe uko Nairobi. Tangi la dizeli likiwa nusu, unyevu hugeuka maji ndani yake, vijidudu huota humo, chujio huziba, na injini huzima mlangoni mwa hori pale mawimbi yanapoutikisa uchafu. Acha tangi limejaa, na ukirudi toa maji kwenye chujio kabla ya kuwasha. Kagua pampu ya ngama, ile inayotoa maji yanayojikusanya chini ndani ya chombo. Kwenye ndogo, ukaguzi wote huisha asubuhi moja. Kubwa ina friji, mashine ya kusafisha maji ya chumvi, vyoo viwili na pampu kadhaa. Wikendi inaisha bado umeshika spana.

Kubwa ina haki yake. Anayeacha kazi aende Shelisheli, zaidi ya maili 900 za bahari wazi, na familia ya watu wanne, achukue futi 40. Itabeba maji na chakula bila kudidimia, na mwendo wake kwenye mawimbi hauchoshi. Pia mtu mrefu atainama ndani ya futi 30, hilo halina tiba.

Wengine, fedha mtakayobakiwa nayo wekeni kwenye nyaya za mlingoti zikiwa zimepita miaka 10. Kagueni pale waya unapoingia kwenye kishikizo cha chini: maji ya chumvi hutuama humo, chuma huliwa kwa ndani, na mstari mdogo wa kutu au uzi mmoja uliokatika unatosha kuubadilisha waya huo kabla hamjapandisha tanga.