Mtoto wa Dodoma aanzie Jamhuri

Simba na Yanga hazihitaji msaada wa mzazi. Mtoto anayekulia Nkuhungu, Ipagala au Kikuyu atazipata tu: kwa konda wa daladala, kwa kinyozi, kwa mjomba anayekuja Krismasi. Kabla hajaweza kufunga kamba za viatu ameshaulizwa mara ngapi sijui "wewe Simba au Yanga?", na ameshaelewa kwamba jibu ni moja kati ya hayo mawili. Timu inayohitaji mzazi ni hii ya hapa nyumbani, Dodoma Jiji. Isipofundishwa kwa makusudi, mtoto anaweza kufika darasa la saba akiijua kama jina la timu iliyofungwa jana kwenye runinga.

Ushauri wangu kwa mzazi wa Dodoma mwenye mtoto wa miaka 4 hadi 8 ni kuanza na timu ambayo mtoto anaweza kuifikia kwa miguu yake. Huyu wa miaka minne hajui klabu ni nini. Anachokijua ni ngoma iliyomtetemesha kifua, karanga za kwenye karatasi, na mkono wa mtu mzima uliomshika wakati watu wote wanasimama. Vitu hivyo viko Uwanja wa Jamhuri. Akishavipata, mapenzi yana mahali pa kujishikiza.

Kosa linalofanyika sana ni kuchagua mechi ya kwanza vibaya. Watu husubiri Simba au Yanga aje Dodoma ndipo wawachukue watoto, kwa kuwa "ndiyo mechi kubwa". Siku hiyo Jamhuri inajaa nyekundu na nyeupe, au kijani na njano, na wenyeji wanakuwa wageni kwao. Mtoto anajifunza somo moja tu, kwamba timu ya nyumbani ndiyo ile ambayo watu wanaifurahia ikifungwa. Tena kuna msongamano getini, watu wamesimama mbele yake, haoni kitu. Mpeleke siku ya Mashujaa, Namungo au Prisons. Nafasi ipo, anaweza kushuka ngazi na kupanda, na akifika nyumbani unaweza kumwonyesha kwenye ramani kwamba wageni wa leo wametoka Kigoma, kule reli ya kati inakoishia, au Ruangwa mkoani Lindi. Hakikisha siku moja kabla kwamba mechi haijasogezwa, maana ratiba ya ligi yetu hubadilika, na mtoto aliyevalishwa jezi tangu asubuhi hasahau upesi.

Kama mechi inaanza saa 10:00 jioni, fikeni saa 9:15. Huo ndio muda timu zinapasha misuli, na kwa mtoto mdogo hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote: mipira ni mingi, wachezaji wako karibu na uzio, kipa anarushwarushwa kulia na kushoto. Kaeni upande ambao jua la alasiri linawapiga mgongoni, na mbali kidogo na kikundi cha ngoma na vuvuzela. Sauti ambayo kwako ni shangwe, kwa sikio la miaka minne ni kitisho, na mtoto aliyelia kwa kelele siku ya kwanza hukataa kurudi. Baadaye yeye mwenyewe ataomba kusogea karibu na ngoma. Beba maji, kofia na sweta. Sweta ni muhimu hapa kwetu, kwa sababu ligi inapoanza, Agosti au Septemba, upepo wa Dodoma baada ya saa 11 unaingia mpaka kwenye mifupa. Andika namba yako ya simu kwenye kikaratasi, kitie mfukoni mwake.

Halafu ondokeni mapumziko.

Wazazi wengi hawataki kusikia hili, lakini ndilo linalofanya kazi. Mtoto wa miaka 4 au 5 aliyefika saa 9:15 amekaa saa moja na nusu wakati kipindi cha kwanza kinaisha. Dakika 45 zinazobaki ni za kulalamika, kutaka chooni na kulala begani. Akiondoka angali anataka kubaki, safari ijayo atakukumbusha yeye. Akifika miaka 7, mechi nzima ataiweza.

Akiwa uwanjani usimfundishe kuotea. Mwambie mambo matatu tu: hawa ndio wetu, tunafunga goli lile pale, na yule mwenye jezi ya rangi yake peke yake ndiye anayeruhusiwa kushika mpira. Kama mtabaki kipindi cha pili, ongeza la nne mapema, kwamba timu zinabadilishana upande. Usipomwambia, atashangilia mpira unapoelekea golini kwenu, watu wa pembeni watacheka, naye atanyamaza mpaka mwisho wa mechi. Mtoto aliyeona aibu uwanjani ni kazi kumrudisha.

Jina nalo ni hazina. Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, na timu ikapanda Ligi Kuu mwaka 2020 ikiwa na neno hilo ndani ya jina lake. Mashabiki huwaita Walima Zabibu. Mtoto akiuliza kwa nini, jibu liko barabarani: mpeleke Hombolo au Mpunguzi msimu wa mavuno, na hapa kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, aone shamba, ale kishada kimoja. Kama babu yupo, mkae naye awasimulie CDA na Waziri Mkuu, timu za Dodoma ambazo wazee bado wanazitaja. Na mtoto akisema timu ndogo haziwezi kuchukua ubingwa, mwambie Tukuyu Stars ilichukua mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, na Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, ilichukua mara mbili mfululizo, 1999 na 2000.

Sasa mpira wenyewe. Mtoto asiyegusa mpira hawezi kuipenda timu kwa muda mrefu. Kiwandani, mpira wa watoto wa chini ya miaka 8 ni namba 3, mzingo wake sentimeta 58 hadi 60. Namba 5 ya kaka yake ni mzito mno, unamuumiza kidole gumba na kumfundisha kuuogopa. Lakini Dodoma tuna tatizo la miiba ya migunga. Mpira wa dukani ukipigwa jioni moja kwenye uwanja wa vumbi pembezoni mwa mji unaweza kurudi umekwisha pumzi. Na ukiujaza sana asubuhi, jua la saa 7 linautanua mpaka mishono inaachia. Kwa hiyo kwa mwaka wa kwanza mimi natetea chandimu, yaani mpira wa kutengeneza nyumbani, na utengenezwe mtoto akiwepo.

Zamani tulitegemea mifuko ya rambo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, matambara na sponji ndiyo njia. Chukua kipande cha sponji ya godoro kuukuu, ukubwa wa ngumi mbili za mtu mzima. Sponji ndiyo inayoupa mpira mdundo. Matambara matupu hayadundi, na yakilowa yanakuwa jiwe. Izungushie vitambaa vyepesi mpaka iwe duara, kisha itumbukize kwenye soksi ndefu. Sokota mdomo wa soksi, igeuze irudi juu ya mpira, sokota tena, mara tatu. Juu yake funga kamba, au vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyokatwa upana wa sentimeta 1. Hapo ndipo wengi huharibu. Ukizungusha upande mmoja tu, kamba zote huteleza na kukusanyika katikati kama mkanda, mpira ukabaki na mashavu mawili. Geuza mpira kila baada ya mizunguko mitatu au minne ili kamba zikatane kama wavu. Fundo la mwisho lichomeke chini ya kamba kwa kijiti, la sivyo litamkwaruza vidole. Pima mzingo kwa uzi; ukifika karibu sentimeta 50 unamtosha mtoto wa miaka 5.

Jezi, nunua saizi moja juu ya mwili wake, kagua mshono wa begani, na uifue kwa maji baridi ikiwa imegeuzwa ndani nje. Pasi isiguse maandishi.

Kinachoua mapenzi haya, kwa maoni yangu, kuliko timu kufungwa ni mkeka. Mzazi anayeangalia mpira akiwa na mkeka wa kubeti mfukoni haangalii timu yoyote. Dodoma Jiji inafunga, yeye anashika kichwa kwa sababu aliweka sare. Mtoto anakuangalia wewe kabla hajaangalia mpira. Usoni mwako ndimo anamosoma kama jambo ni zuri au baya. Akisoma mambo yanayogongana, anaacha kusoma. Ukitaka kubeti ni shauri lako, lakini siku ya kwenda na mtoto mkeka ubaki nyumbani.

La pili ni matusi. Utani tunao, na ni mali yetu. Utopolo na Makolo, majina ya kuwatania Yanga na Simba, mtoto atayajua bila wewe, na hakuna ubaya akimtania shangazi yake baada ya dabi. Lakini refa akitukanwa mama yake mbele ya mtoto wa miaka 6, jumatatu neno hilo liko shuleni. Ndiyo sababu kibanda umiza, kile cha kuonyeshea mpira kwenye runinga, si mahali pa kuanzia. Kuna giza, moshi, vinywa visivyo na breki, na mechi nyingine zinaisha usiku wa kuamkia shule.

Na kufungwa kutakuwepo, kwa kuwa Dodoma Jiji si timu inayoshinda kila wiki. Nunua karatasi moja ya manila, ubandike ukutani kwa urefu wa macho ya mtoto. Ligi Kuu ina timu 16, hivyo kila timu inacheza mechi 30, na 15 kati ya hizo ni za nyumbani. Mchoreeni pamoja vyumba 30, safu sita za vyumba vitano, na za nyumbani mziwekee nyota kwenye kona. Tukishinda anapaka chumba kizima rangi, tukitoka sare anapaka nusu, tukifungwa anaandika sifuri kwa penseli. Akiuliza, "Baba, tumefungwa?" mjibu, "Ndiyo mwanangu, tumefungwa," kisha mpe penseli. Asikae na huzuni ya kuazima kutoka kwako, wala usimdanganye kwamba refa alituonea kama hakutuonea. Ataandika sifuri yake, atahesabu vyumba vilivyobaki kwa kidole, na atakuuliza mechi ijayo ni lini.