Brakteati: sarafu nzuri, kodi mbaya

Nikiulizwa ni sarafu ipi nzuri kuliko zote, nitataja bila kusita brakteati, zile peni nyembamba za fedha za Wajerumani wa Zama za Kati. Nikiulizwa ni ipi iliyowanyonya watu kwa ustadi zaidi, nitataja hizohizo.

Chukua zile za Braunschweig za karne ya 12, za mtawala Heinrich der Löwe. Ni kijibati cha fedha kisichofika hata gramu moja, ukikiminya kinajikunja. Mbele yupo simba aliyetuna, mkia juu. Geuza: simba yuleyule, kinyumenyume, amebonyea. Fundi alitumia chapa moja tu. Bati aliliweka juu ya kitu laini, kama ngozi au risasi, akashusha nyundo. Jina brakteati walilipa wasomi baadaye sana, kutokana na neno la Kilatini la bati jembamba. Walionunulia mkate waliiita peni, basi.

Mbona walifua pesa dhaifu hivyo? Kwa maoni yangu, haikukusudiwa kuishi. Mwenye haki ya kufua sarafu, awe mtawala, askofu, au mama mkuu wa watawa kama yule wa Quedlinburg, alikuwa akitangaza kwamba peni za zamani zimekufa. Lete nne, upewe tatu; ya nne ni kodi yake. Magdeburg, enzi za Askofu Mkuu Wichmann, ilikuwa mara mbili kwa mwaka. Sasa mpigie hesabu mjane mwenye akiba ya peni 16: zinakuwa 12, na kabla mwaka haujaisha zimebaki 9. Hajanunua hata kitunguu.

Karne ya 20 wafuasi wa Silvio Gesell, Mjerumani aliyetaka pesa ipungue thamani kila inapowekwa bila kutumika, waliusifu utaratibu huu, eti pesa isiyolala ndiyo iliyochangamsha biashara na kujenga makanisa makubwa. Sikubaliani nao kabisa. Tajiri aliweka mali yake kwenye ardhi na vipande vya fedha vya kupimwa kwa mizani. Aliyebaki na peni mkononi ni mtu wa chini. Na hayo makanisa? Lile la Köln lilianza kujengwa mwaka 1248, katika mji ambao peni zake zilikuwa nene, zenye sura pande zote mbili.

Tena miji yenyewe ilishasema. Wafanyabiashara walichanga, wakamlipa mwenye haki ya kufua sarafu mara moja kwa jumla ili aache kuwabadilishia pesa. Waliyoipata wakaiita “peni ya milele.”