Laki Mbili ya Kutagaa

Umeme hakuna, maji ndo yale yale, halafu saa moja asubuhi meseji inaingia, mpwa wangu: "Shikamoo mjomba, naomba laki mbili nifungue straddle." Nikajua duka.

Kumbe sio duka. Naingia gugo naambiwa ni kutagaa, kukaa matagataga kama mtu juu ya punda. Nikapiga simu. We mtoto laki mbili ukatagae wapi, mbona mimi natagaa kila siku kwenye boda, tena mshikaki, niko katikati, nyuma yangu mama na beseni la dagaa?

"Sio hiyo mjomba, hii ya hisa. Unanunua haki ya kununua na haki ya kuuza, bei moja, tarehe moja. Hisa ikipanda sana unakula, ikishuka sana unakula."

"Na ikitulia?"

Kimya.

"Mjomba hisa hazitulii."

Mshahara wangu umetulia mwaka wa ngapi huu, mtu ananiambia hakuna kinachotulia! Nikambana, akasema basi ikitulia ada zote mbili ulizolipa zinaenda. Yaani nimekata nauli ya Mbagala na ya Tegeta kwa mpigo na gari halijaondoka stendi.

"Basi tuuze sisi mjomba, wanunue wengine, ikitulia ada tunakula sisi." Hapo kajichongea maana gugo nilishaiperuzi mpaka bando likakata. Nick Leeson, kijana wa Kiingereza, yuko Singapore anauza hizo hizo za soko la Japani, anaomba patulie, tarehe 17 Januari 1995 tetemeko hilo, Kobe chini, soko chini, mwezi uliofuata benki ya Barings ya tangu 1762 kwisha habari yake, ikauzwa pauni 1. Moja! Chipsi kuku hupati.

Na neno lenyewe halieleweki. Kwenye kuruka juu ni kupita ufito kifudifudi, Brumel wa Usovieti alifika mita 2.28 mwaka 1963, mpaka Fosbury wa Marekani alipokuja kupita ufito kwa mgongo, Olimpiki ya Mexico 1968. Wanamaji wa vita nao wana straddle yao, kombora moja linapita meli, lingine halifiki, wanafurahi eti kipimo wamekipata, meli yenyewe haina hata mkwaruzo. Wanasiasa ndo mguu huku mguu kule. Njia mbili zilimshinda fisi, wa kwetu wala hatoki jasho.

Mimi nilitaka kumjibu kwa heshima, mtu mzima, nina wajukuu. Nikajikuta napiga kelele barabarani NISHATAGAA VYA KUTOSHA, konda wa watu kanigeukia. Nimemtumia elfu tano ya vocha, makato juu yangu.

Boda ya jioni ndo sijui napandaje, hii suruali inabana msamba, ile ya kutagaa iko kwa fundi anapanua. Nimempigia anasema yuko njiani. Wiki ya tatu yuko njiani, na duka lake liko nyuma ya kwangu, cherehani naisikia.