Anayechanganya karate na judo hajasaliti dojo

Mwanafunzi wa karate akijulikana kwamba jioni nyingine huenda kwenye judo au ndondi, walimu wengi wa dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, hawalifurahii jambo hilo. Ataambiwa mshika mawili moja humponyoka, na kwamba mkanda mweusi hautafutwi kwa kuhamahama. Maneno hayo yana uzito na nitayarudia. Lakini naona wanaochanganya wanahukumiwa upesi mno, hasa wale wasiotafuta medali wala mkanda, wanaotaka tu kufika nyumbani salama.

Tuangalie kwanza mtu anavyovamiwa. Nairobi wanaita ngeta, Dar es Salaam ni kabali: mkono unapita shingoni kutoka nyuma, mwingine anapekua mifuko. Mkabaji hasimami mbele yako hatua mbili akangoja ujipange, na umbali huo wa hatua mbili ndio ngumi na mateke yanaouhitaji. Mkono ukiibana sawasawa mishipa ya pande mbili za shingo inayopeleka damu kwenye ubongo, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde 10 hivi. Konde zuri halina kazi hapo, maana aliye mgongoni hapigiki vizuri. Kinachosaidia ni kidevu kushuka kabla mkono haujazama, mikono yote miwili kuuvuta mkono ule chini, nyonga kushuka, mwili kugeuka. Yote hayo yafanyike ukiwa umeshtuka na pumzi inakata.

Mchezaji wa judo mtu mzima hukutana na hali hiyo mazoezini mara kwa mara. Kukaba ni halali katika mchezo wake, na mwenzake hamwachii mpaka agonge mkeka. Amekabwa mara nyingi kiasi kwamba mkono shingoni haumtoi akili. Mwanafunzi wa ngumi anaweza kumaliza miaka kumi bila kukabwa na mtu aliyekusudia kweli. Sensei, yaani mwalimu, atajibu kwamba kata za karate, ile mifululizo ya mbinu iliyopangwa, zina mbinu za kujinasua, na ni kweli, zimo. Swali ni zinafanyiwa mazoezi na nani. Mwenzako akikushika taratibu, akakuachia ulipotarajiwa kujinasua, umejifunza umbo la mbinu tu. Kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote katika mjadala huu, na mara chache husikia likitajwa.

Upande wa pili nao una pengo. Anayejua judo peke yake amezoea kushika, hajazoea kupigwa usoni. Kumkata mtu mtama ni silaha kali kwenye lami, lakini ukianguka naye na kuanza kubingirishana, mwenzake aliyesimama ana kichwa chako chini ya kiatu. Ndondi humfundisha mtu kutembea, kukwepa na kupigwa bila kufumba macho. Panga likitoka, hakuna mkanda wa rangi yoyote utakaokufaa kuliko mbio.

Wanaotetea sanaa moja huwa na mfano wao mkubwa: Royce Gracie, aliyeingia kwenye mashindano ya kwanza ya UFC, ambamo watu wa sanaa mbalimbali za mapigano hupambana, huko Denver, Marekani, mwezi Novemba 1993 na kuwashinda watu watatu usiku mmoja, akitegemea jujitsu ya Brazil, sanaa ya kukaba na kukunja viungo, aliyolelewa nayo. Mfano ni wa kweli, ila unakatizwa mapema. Tarehe 1 Mei 2000, Tokyo, Kazushi Sakuraba, mtu wa mieleka aliyekuwa amejifunza kuijibu jujitsu na kupiga pia, alipigana naye dakika 90 mpaka wasaidizi wa Gracie wakarusha taulo kukubali kushindwa. Mwaka 2006 Matt Hughes, mwanamieleka mwingine aliyeongeza ngumi na jujitsu, alimmaliza raundi ya kwanza. Ushindi wa 1993 uliwaonyesha wapigaji kile wasichokijua, wakaenda kujifunza. Ulingo si mtaa, nakubali, lakini tusiutumie kama ushahidi pale tu unapotupendeza.

Sasa yale yenye uzito. Sanaa mbili hugombana ndani ya mwili mmoja. Bondia huinamisha kichwa na kuegemea mguu wa mbele. Mguu huohuo ndio unaopigwa teke la chini au kukatwa mtama. Taekwondo humzoesha mtu kushusha mikono, jambo ambalo bondia atamwadhibu nalo. Mtu mwenye jioni mbili tu kwa wiki, akizigawa kuanzia siku ya kwanza, hatakuwa na mwitikio unaotoka wenyewe wakati wa hofu, na hofu haimpi mtu nafasi ya kuchagua. Kuna pia wakusanyaji wa mikanda ya rangi ndogondogo, mitatu minne, wasioweza kumsimamisha yeyote. Hao ndio walimu wanaowaona, ndiyo maana wanakemea wote. Ninachokikataa ni kwamba dawa yake iwe kufunga mlango daima. Dawa ni mpangilio: sanaa moja mpaka itulie mwilini, kisha ya pili inayojaza pengo la kwanza. Karate kisha taekwondo ni kurudia somo lilelile kwa lafudhi nyingine. Karate kisha judo ni jambo jingine.

Tena wanaoitwa wasaliti wanafuata nyayo za waasisi wenyewe. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alipoanzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882 alikuwa amesoma shule mbili za jujitsu, Tenjin Shinyo na Kito, akajenga judo kutokana nazo. Kenwa Mabuni aliunganisha mafunzo ya walimu wawili wa Okinawa, Itosu wa Shuri na Higaonna wa Naha, ikazaliwa Shito-ryu, mtindo mmojawapo wa karate. Dojo linalokataza leo lilianzishwa na mwanafunzi aliyegonga milango miwili.

Kwa asiye na miaka ya kujifunza hata sanaa moja, upo utafiti wa vyuo vikuu vya Kanada ulioongozwa na Charlene Senn, uliotoka mwaka 2015. Wanafunzi wa kike walipewa mafunzo ya saa 12. Katika mwaka uliofuata waliobakwa walikuwa asilimia 5.2, ilhali miongoni mwa waliopewa vijitabu tu walikuwa 9.8. Sehemu kubwa ya saa hizo ilihusu kutambua hatari mapema na kuruhusu sauti itoke, hata kwa mtu unayemfahamu. Kupiga na kujinasua kulichukua muda mchache. Waliotunga mafunzo hayo walianza na namna wanawake wanavyoshambuliwa, ndipo wakachagua mbinu. Sensei anayemkataza mwanafunzi wake kwenda judo angeweza kuanzia hapohapo: awaulize wanafunzi waliowahi kukabwa ilikuwaje, kisha amwalike mwalimu wa judo jioni moja kwa mwezi awakabe bila kuwaonea huruma.