Mtumwa wa Menon na mraba wa futi nane

Walimu wengi tulikutana na Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, chuoni katika sentensi mbili: kwamba aliamini roho ilikuwako kabla ya mwili ikajua yote, na kwamba kwake kujifunza ni kukumbuka kile roho ilichokisahau ilipozaliwa. Baada ya hapo ukurasa unafunuliwa. Anaingia John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, na karatasi yake nyeupe, wanafuata watafiti wa tabia, Pavlov na mbwa wake, kisha Skinner na njiwa wake, na mzee wa Athens haonekani tena. Nimefundisha hisabati kwa muda mrefu, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyoona kwamba zile sentensi mbili zimemdhulumu. Upande wa Locke una hoja nzito, nami nitazieleza bila kuzipunguzia uzito wake. Lakini ukiniuliza nani aliona vizuri zaidi kile kinachompata mtoto wakati anajifunza, nitamtaja Plato.

Tuanze na kisa chenyewe, ambacho Plato alikiandika kama mazungumzo ya mwalimu wake Sokrates, maana wengi wanaompuuza hawajakisoma. Menon, kijana tajiri kutoka Thessaly, yuko Athens na kundi la watumishi. Anamuuliza Sokrates kama uadilifu unaweza kufundishwa. Sokrates anamjibu kwamba hata huo uadilifu wenyewe haujui ni kitu gani, basi wautafute pamoja. Wanatafuta, wanakwama, na Menon anaudhika. Anamfananisha Sokrates na yule samaki wa jamii ya taa anayemtia ganzi kila anayemgusa. Kisha anatoa fumbo ambalo limewahangaisha watu hadi leo: utatafutaje kitu usichokijua? Ukikikuta njiani utajuaje kwamba ndicho? Na kama tayari unakijua, unatafuta nini?

Sokrates anaomba aitiwe mtumwa mmoja, yeyote. Anauliza jambo moja tu kabla ya kuanza: anasema Kigiriki? Menon anajibu kwamba ndiyo, kazaliwa nyumbani kwake. Jina la kijana hatuambiwi. Sokrates anamchorea mraba wenye upande wa futi 2, eneo lake futi 4 za mraba, na kumuuliza: mraba wenye eneo maradufu, yaani futi 8, upande wake utakuwa na urefu gani?

Wakati wa likizo nilimjaribu mpwa wangu wa darasa la sita kwa swali hilohilo. Baraza la kwetu lina vigae vya mraba, kwa hiyo sikuhitaji rula. Nilizungushia chaki vigae 4, viwili kwa viwili, nikamwambia anichoree mraba wa vigae 8. "Rahisi, mjomba." Akarefusha upande kutoka vigae 2 hadi 4, akahesabu, akanyamaza. Ni 16. Akafuta kwa kiganja, akajaribu upande wa vigae 3. Ikaja 9. Akahesabu tena polepole, akitumaini kimoja kitapungua. "Haiwezekani, mjomba. Mbili ni ndogo, tatu ni kubwa, na katikati hakuna namba." Yule kijana wa Athens alipita njia ileile kwa mpangilio uleule: alisema futi 4, ikatoka 16; akasema futi 3, ikatoka 9; mwisho akaapa kwa Zeu kwamba hajui.

Nilimwacha hapo alipokwama, chai yangu ikapoa. Alizunguka ule mraba, akakaa chini, akainuka. Mwishowe nikaurudisha mraba mkubwa wa vigae 16, nikachora mstari mmoja tu, wa kuukata ule mraba wa mwanzo kona kwa kona, nikanyamaza. Aliutazama mstari kwa muda. Akachora mwenzake, kisha wa tatu, kisha wa nne, ukatokea mraba uliosimama kwa kona ndani ya ule mkubwa. Akahesabu kwa kidole: vigae vizima vinne katikati, vipande vya nusu vinane pembeni. Aliposema "nane" hakunitazama mimi kuhakikisha. Alitazama sakafu.

Hapo ndipo mkosoaji wa kwanza husimama. Mstari umeuchora wewe, atasema, kama Sokrates alivyouchora yeye. Mtoto kazi yake ilikuwa kuitikia. Ni kweli, na ukiyasoma majibu ya yule kijana utaona mengi ni "ndiyo" na "bila shaka". Sokrates hata jina la mstari ule anampa mwenyewe. Lakini angalia ni nani aliyeyakataa majibu mawili ya kwanza. Hakuna aliyemwambia kwamba 16 si 8. Sokrates aliuliza tu inatoka ngapi, na kijana akahesabu, akaona, akaliacha jibu lake mwenyewe. Kipimo cha kulikataa kosa alikuwa nacho tayari. Mtu anaweza kukuchorea mstari, lakini hawezi kuona kwa niaba yako kwamba mstari huo unatatua jambo. Nimechora mistari mingi ubaoni mbele ya madarasa ambayo hayakuwa yamekwama popote. Waliinakili vizuri kwenye madaftari, na jambo likaishia humo.

Mkosoaji wa pili ana nguvu zaidi, na huyu ndiye Locke, ingawa hakuandika kuhusu kijana yule. Katika kitabu chake kikubwa kuhusu akili ya binadamu, kilichotoka na tarehe ya 1690, anasema tuichukulie akili kama karatasi nyeupe isiyo na herufi. Yote yaliyoandikwa humo yameletwa na uzoefu, ama kupitia milango ya hisi, ama kwa akili kujitazama inavyofanya kazi. Kwa mizani hiyo, lile swali dogo la Sokrates, kama kijana anasema Kigiriki, linafichua kila kitu. Kijana amekulia katika nyumba ile. Amejifunza lugha, amejifunza kuhesabu, ameona vitu vikikatwa nusu. Hakuna haja ya kuileta roho iliyokuwako kabla ya mwili wakati ipo miaka yote hiyo ya kuona na kushika.

Na ushahidi wa baadaye umemuunga mkono Locke kwa namna ambayo mtu mkweli hawezi kuiruka. Rafiki yake William Molyneux wa Dublin, ambaye mkewe alipofuka, alimuuliza: mtu aliyezaliwa kipofu, anayetofautisha tufe na mchemraba kwa kupapasa, akipata kuona leo, atavitambua kwa macho bila kuvigusa? Wote wawili walijibu hapana, na Locke akaliingiza swali hilo katika toleo la 1694. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya watoto 5 wa India, wa miaka 8 hadi 17, waliopata kuona baada ya upasuaji. Walipogusa umbo na kulitambua tena kwa kugusa, walipatia asilimia 98. Kwa kuona na kutambua kwa kuona, 92. Walipogusa kisha kutakiwa kulitambua kwa macho, walishuka hadi 58, na mtu anayekisia tu angepata 50. Baada ya siku chache wale waliopimwa tena walikuwa wamepanda sana. Maana yake hata jambo linaloonekana la kuzaliwa nalo kabisa, kwamba umbo hili mkononi ndilo hili machoni, linahitaji kujifunzwa. Katika suala la maarifa yanatoka wapi, naona Locke ameshinda.

Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani, alijaribu kusuluhisha katika kitabu alichokiandika mwanzoni mwa miaka ya 1700 na ambacho hakikuchapishwa hadi 1765. Alisema akili ni kama jiwe la marumaru lenye mishipa ndani yake, inayoelekeza sanamu ipi itatoka kirahisi. Mchonga vinyago vya mpingo atamwelewa mara moja. Ila suluhu hiyo bado inazungumzia chanzo, na kwa maoni yangu chanzo ndicho kilichowapoteza njia wasomaji wa Plato.

Maana Sokrates mwenyewe hakukishikilia. Baada ya maonyesho yote yale anamwambia Menon kwamba mengi katika aliyoyasema asingeyatetea kwa uhakika. Jambo moja tu yuko tayari kulipigania kwa maneno na kwa vitendo kadiri awezavyo: kwamba tukiamini inatupasa kutafuta tusichokijua tutakuwa watu bora zaidi, wajasiri zaidi na wasio wavivu, kuliko tukiamini hakiwezi kupatikana. Fumbo la Menon, anasema, linatufanya wavivu. Na ajabu ni kwamba Locke, alipoyashambulia mawazo ya kuzaliwa nayo, alitoa shtaka hilohilo. Alisema imani hiyo iliwapunguzia wavivu taabu ya kutafuta, na ikawafaa wale waliojifanya mabwana na walimu, waliotaka kanuni zao zisihojiwe. Wawili hawa tumezoea kuwaweka pande mbili za ulingo, kumbe walikuwa wakipigana na adui mmoja: mtu anayengoja kuambiwa.

Sasa niende kwenye namba ambazo nimezirudia mara nyingi kuliko zote. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Washington University huko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya kusoma, kimoja kuhusu jua na kingine kuhusu fisi maji wa baharini. Kifungu kimoja mwanafunzi alikisoma mara mbili. Kingine alikisoma mara moja, kisha akaandika kwa kichwa kila alichokikumbuka, bila kuoneshwa alipokosea. Wakipimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya siku 2 mambo yaligeuka: 54 kwa 68. Baada ya wiki, 42 kwa 56.

Tazama kilichopotea. Aliyerudia kusoma ameanza na 81 akabaki na 42: pointi 39 zimemtoka ndani ya wiki moja, karibu nusu ya alichokuwa nacho. Aliyejikakamua kukumbuka amepoteza 19. Yule wa kwanza alitumia muda uleule, alikaa na maandishi sahihi mbele yake mara mbili, wala hakupata jasho. Tena katika jaribio lao la pili, waliorudia kusoma ndio waliotabiri kwamba watakumbuka zaidi. Mwalimu anayetoa zoezi dakika tano baada ya somo ataziona zile 81 na kurudi nyumbani ameridhika, na mwanafunzi pia. Wote wawili watakuwa wamedanganywa na kipimo kilichokuja mapema. Hata ujio wa mitihani mwezi mzima baadaye hautawafumbua macho, kwa sababu kwa wakati huo lawama itakuwa imeshaangukia usahaulifu wa mtoto.

Mfuasi wa Locke atasema, na ana haki, kwamba habari za jua na fisi maji ziliingia kwa macho kwanza, hakuna aliyezaliwa nazo. Nakubali. Lakini sikiliza Sokrates anavyosema kijana alipomaliza: maoni haya sasa hivi yameamshwa ndani yake kama ndoto, akiulizwa mambo hayohayo mara nyingi na kwa njia nyingi, mwishowe atayajua kwa usahihi kama mtu mwingine yeyote. Kuulizwa mara nyingi, kwa njia nyingi. Hakusema kuelezwa. Mbele zaidi anayalinganisha maoni sahihi na sanamu za Daedalus, fundi wa hadithi za Kigiriki, ambazo ilisemwa zilikimbia zisipofungwa. Kinachoyafunga ni kufikiri sababu yake, na huko kufunga, anasema, ndiko kukumbuka tulikokubaliana. Ukiiondoa roho na maisha yake ya awali, bado maelezo ya kazi ya kujifunza yamesimama imara. Hata Aristotle, aliyeitegemea hisi kuliko mwalimu wake Plato, anafungua kitabu chake kuhusu uthibitisho kwa kusema kwamba kila mafundisho na kila kujifunza kwa kufikiri hutoka katika maarifa yaliyokuwako tayari, kisha anakwenda kupambana na fumbo la Menon.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tungepaswa kuwa wa mwisho kulistaajabia jambo hili. Funza ni kufundisha. Jifunza ni kujifundisha wewe mwenyewe. Hatuna kitenzi kizuri cha kumfanya mtu mwingine ajifunze akiwa amekaa tu.

Kitu kimoja kinanisumbua katika kisa hiki, na sioni njia ya kukilainisha. Kijana aliyeonesha kwamba akili yake inaweza kuijenga jiometri kama ya bwana wake alirudi kuwa mtumwa. Hakuna anayelitaja hilo, na hatumsikii tena akisema neno. Hapo karatasi nyeupe ya Locke ina utu ambao Plato hakuufikia, kwa sababu isiyo na maandishi kwa mtumwa haina maandishi kwa bwana pia.

Na bwana mwenyewe? Sokrates anamgeukia, anamuuliza kama sasa yuko tayari watafute pamoja uadilifu ni nini. Menon ameyaona yote: makosa mawili, ganzi, mstari, jibu. Amekiri kwamba hakuna aliyemfundisha kijana wake jambo lile. Anajibu kwamba ndiyo, ila yeye angependelea zaidi kurudi kwenye swali lake la mwanzo, asikie Sokrates anasemaje.