Tanga, Novemba 1914: Wanajeshi wa Kihindi walikimbia, au waliponzwa?

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Meja Jenerali Mwingereza Arthur Aitken aliletwa kuiteka Tanga, iliyokuwa chini ya Wajerumani, na watu wapatao 8,000, wengi wao wanajeshi kutoka India. Upande wa Wajerumani, kamanda wao von Lettow-Vorbeck alikuwa na kama 1,000, wengi wao askari wa Kiafrika. Kikosi cha kwanza cha Aitken kiliteremka Ras Kasone, rasi iliyo karibu na mji, usiku wa kuamkia tarehe 3. Tarehe 5 wote walikuwa wanarudi melini, wakiacha nyuma bunduki za rashasha, mamia ya bunduki za kawaida na risasi kama laki sita. Waliokufa na kujeruhiwa walizidi 800. Tangu hapo simulizi imekuwa moja: Wahindi walikimbia.

Si uzushi mtupu. Tarehe 4, batalioni ya 63 Palamcottah ilivunjika iliposhambuliwa kwa rashasha, na wengi walirudi mbio hadi ufukweni. Jana yake Rajputs wa batalioni ya 13 na Pioneers wa 61 walikuwa wamesukumwa nyuma pia. Anayewatetea lazima ayakubali hayo kwanza.

Lakini tazama walifikaje. Waliondoka Bombay katikati ya Oktoba, wakakaa majuma melini wamebanana, wengi wakitapika. Pioneers kazi yao kubwa ilikuwa kutengeneza barabara. Baadhi ya vikosi vilikuwa vimepewa bunduki mpya muda mfupi tu kabla ya safari. Aitken hakutuma wapelelezi wa maana, na King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki waliozijua nchi hizi, walipojitolea kusaidia, akawakataa. Kubwa zaidi, tarehe 2 manowari ya HMS Fox iliingia bandarini kuwatangazia Wajerumani kwamba makubaliano ya kutopigana Tanga yamekwisha. Lettow-Vorbeck akapata nafasi ya kuzishusha kombania zake kutoka Moshi kwa reli ya Usambara. Mwanajeshi wa kawaida angefanya nini hapo?

Hoja iliyo nzito kwangu ni Kashmir Rifles. Nao walitoka India, wakapita mashamba yale yale waliyopita wenzao, lakini waliingia mjini pamoja na Waingereza wa Loyal North Lancashire, wakapigana nyumba kwa nyumba. Basi neno "Wahindi" linaficha zaidi ya linavyoeleza. Wengine walikuwa wamezoezwa vita, wengine hawakuzoezwa.

Tena wanaowalaani humnukuu sana Richard Meinertzhagen, afisa wa ujasusi aliyekuwapo. Huyu baadaye aligundulika kuwa alighushi rekodi za ndege, na shajara zake nazo zimetiliwa shaka kubwa. Sioni haki kuwahukumu maelfu kwa kalamu yake.

Nyuki wanaotajwa sana katika simulizi za vita hivi je? Ni kweli walitoka mizingani risasi zilipopiga miti, wakauma pande zote mbili. Wamependwa mno na wasimulizi, na hapo ndipo ninapokereka, kwa sababu nyuki hawakumzunguka Aitken ubavuni. Waliofanya hivyo alasiri ya tarehe 4 ni askari wa Kiafrika wa Lettow-Vorbeck, miongoni mwao Wanyamwezi na Wasukuma, wengi wakibeba bunduki za zamani zilizotoa moshi mzito kila zilipofyatuliwa. Aitken aliwadharau kabla hajawaona. Wanaobishana hadi leo kuhusu woga wa Wahindi nao huwapita askari hao kana kwamba hawakuwapo.