Plagini ya Kulipia Ukiinakili, Masasisho Utatoa Wewe?

Kwenye magrupu ya Telegram na WhatsApp ya watengeneza tovuti, hazipiti siku nyingi bila mtu kutangaza plagini (programu ndogo za nyongeza) za kulipia za WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, kwa bei ya kutupa. Ile ambayo kwa mwenyewe ni dola 49 kwa mwaka, hapa unauziwa shilingi elfu tano au elfu kumi, tena unaambiwa ni ya maisha. Ukimuuliza muuzaji kama ni halali, anakujibu kwamba ni GPL, yaani leseni ya programu huria. Mjadala unaishia hapo, na mtu akiendelea kuuliza anaonekana mkorofi.

Mimi naona haujaisha. Swali la sheria limejibiwa, na limejibiwa sawasawa. WordPress ina leseni ya GPL toleo la 2, la mwaka 1991, na msimamo wa mradi wenyewe ni kwamba plagini na themu (zinazoipa tovuti sura yake) zinazotegemea msimbo wake zinarithi leseni hiyohiyo. Mwaka 2010 mwenye themu ya Thesis, Chris Pearson, alilipinga hilo hadharani, kisha mwezi Julai akakubali kuiweka sehemu yake iliyoandikwa kwa lugha ya PHP chini ya GPL. Kifungu cha 6 cha leseni hiyo kinakataza kumwongezea mpokeaji masharti mengine. Kwa hiyo ukinunua plagini ya GPL unaruhusiwa kuinakili, kuibadilisha, kuigawa, hata kuiuza. Siigombi haki hiyo. Naipenda, kwa sababu bila hiyo wengi wetu tusingekuwa na kazi hii.

WordPress yenyewe ilizaliwa hivyo. Mwaka 2003 Matt Mullenweg na Mike Little walichukua b2, programu ya Michel Valdrighi iliyokuwa imesimama, wakaiendeleza kwa jina jipya. Joomla, programu nyingine ya kutengenezea tovuti, ambayo jina lake limetokana na jumla yetu hii ya Kiswahili, ilitoka kwenye programu iliyoitwa Mambo mwaka 2005 baada ya wasanidi kutofautiana na kampuni iliyokuwa inashikilia jina. Kufoki, kama tunavyosema kazini, yaani kuuchukua msimbo wa mradi na kuuendeleza kivyako, ndiko kunakoufanya mradi usife na mwenyewe, na ndiko kunakomzuia mwenye mradi kuwafanya watumiaji wake mateka.

Kilichonisukuma kuandika ni kesi ya plagini ya Advanced Custom Fields, ACF kwa wanaoitumia. Kama umewahi kutengeneza tovuti ya shule, ukataka kila mwalimu awe na nafasi ya picha, somo lake na darasa analofundisha, huenda uliifanya kwa ACF. Elliot Condon aliianzisha mwaka 2011, ikanunuliwa na kampuni ya Delicious Brains mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikaangukia mikononi mwa WP Engine, kampuni inayohifadhi tovuti za WordPress. Kuna toleo la bure na kuna Pro ya kulipia. Ile ya bure ilikuwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 2.

Septemba 2024 Mullenweg, ambaye ndiye mkuu wa Automattic, kampuni iliyo nyuma ya WordPress.com, aligombana na WP Engine hadharani. Alidai wanavuna kwenye WordPress kuliko wanavyochangia. Oktoba 2 WP Engine wakamfungulia kesi yeye na Automattic. Oktoba 12 Mullenweg akatangaza kwamba ACF ya bure imefokiwa na sasa inaitwa Secure Custom Fields. Alitumia kanuni ya 18 ya ghala la plagini la WordPress.org, ambako plagini za bure hupakuliwa, inayouruhusu uongozi kubadilisha plagini bila ridhaa ya mtengenezaji kwa ajili ya usalama wa umma. Maelezo yake yalikuwa kwamba wameondoa matangazo ya kuuza Pro na wamerekebisha tatizo la usalama.

Angeinakili tu, akaifungulia ukurasa wake, akaanza na watumiaji sifuri, nisingekuwa na la kusema. Lakini toleo lake liliwekwa kwenye anwani ileile ya ACF. Ndani ya ghala, kila plagini ina utambulisho wake, na tovuti ikitaka kujua kama kuna sasisho inauliza kwa utambulisho huo. Mwenye tovuti aliyewasha masasisho ya kujiendesha aliletewa programu ya mtu mwingine, yenye jina jingine, bila kubonyeza kitufe chochote. Nyota na maoni ambayo ACF ilikuwa imeyakusanya kwa miaka vilibaki pale, sasa vikiipamba Secure Custom Fields.

Msimbo ulikuwa halali kuchukuliwa na yeyote, lakini wale watu milioni mbili walikuwa wamemchagua mtu. Walipobonyeza kusakinisha walikuwa wanasema: huyu namwamini aingize msimbo kwenye seva yangu, leo na kesho. Imani hiyo haimo kwenye leseni yoyote, na hakuna mwenye ghala anayeruhusiwa kuihamisha kwa sababu tu funguo za ghala ziko mfukoni mwake. Desemba 10 Jaji Araceli Martínez-Olguín wa mahakama ya shirikisho ya California Kaskazini alitoa zuio la muda, na siku chache baadaye ACF ikarudi kwa wenyewe. Secure Custom Fields ikabaki na ukurasa wake yenyewe, na hapo sina ugomvi nayo.

Wapo watakaoniuliza kuhusu WooCommerce, plagini ya maduka ya mtandaoni, na ni haki yao. Mwaka 2011 kampuni ya WooThemes waliifoki Jigoshop, plagini nyingine ya duka, na wakawaajiri wasanidi wawili waliokuwa wanaiandika. Waliobaki upande wa Jigoshop waliumia, na siwezi kuwalaumu. Hata hivyo WooCommerce ilikuja kwa jina lake, ikatafuta watumiaji wake mmoja mmoja, ikaandika maelezo yake, na ikaendelea kurekebishwa mwaka hadi mwaka, hata baada ya Automattic kuinunua WooThemes mwaka 2015. Aliyebaki na Jigoshop alibaki kwa kuamua, na aliyehama alihama kwa kuamua. Huo ni ushindani mkali, lakini hakuna aliyedanganywa.

Sasa tumtazame huyu wa elfu tano. Haandiki mstari hata mmoja. Anachofanya ni kununua nakala moja, kuondoa sehemu inayokagua ufunguo wa leseni, na kuisambaza kwa jina na nembo ya mwenyewe. Tayari hapo ametoka kwenye GPL, maana GPL inatoa haki ya msimbo, haitoi haki ya jina la biashara. Lakini kubwa zaidi ni kile anachokiuza. Kampuni ikikutoza kwa mwaka haikuuzii yale mafaili. Inakuuzia mtu atakayeamka kesho kurekebisha tundu likigunduliwa, na mtu wa kukujibu toleo jipya la PHP likivunja fomu zako. Muuzaji wa grupu hana vyote viwili, na bado anakuambia ni kitu kilekile.

Niliwahi kuitwa kuangalia tovuti ya duka la vipodozi. Mteja akibonyeza bidhaa kwenye simu, anarushwa kwenye kurasa za matangazo ya ajabu. Kwenye folda ya wp-includes nikakuta faili linaitwa wp-vcd.php, ambalo WordPress halisi haina, na juu kabisa ya functions.php ya themu kulikuwa na rundo la msimbo lisilohusiana na themu. Hiyo ni WP-VCD, kirusi ambacho Wordfence, kampuni ya usalama wa WordPress, walikieleza kwa kina mwaka 2019, na kinasafiri hasa ndani ya plagini na themu zilizovunjwa kufuli. Wakati huo dashibodi ya mama mwenye duka ilikuwa imetulia kabisa. Hapakuwa na onyo wala taarifa ya sasisho, kwa sababu aliyevunja kufuli alikata pia mawasiliano na seva ya mtengenezaji. Plagini ya malipo ilikuwa ya zamani sana, na yeye alikuwa anaona kila kitu kiko sawa. Kwenye risiti aliyopewa na fundi wa kwanza, leseni ya plagini ilikuwa imeandikwa na kutozwa bei kamili.

Huyo mama ndiye ninayemfikiria kila nikisikia mtu anatetea biashara hii kwa kusema makampuni ya nje yana pesa tayari. Kampuni inakosa dola 49. Yeye alipoteza wateja.

Hoja ya umaskini siipuuzi. Dola 49 ni zaidi ya shilingi laki moja za Tanzania, na wengi tunatengeneza tovuti nzima kwa laki tatu. Tovuti moja ikihitaji plagini tatu za namna hiyo, kazi imeisha faida. Halafu kampuni nyingi zinataka kadi ya benki inayokubali malipo ya nje, wakati kijana wa Tabora au Kisumu anaishi kwa pesa za simu. Na zipo kampuni zinazotangaza GPL mlangoni, kisha kwenye masharti ya ununuzi zinamtishia mteja kumfungia akaunti akigawa nakala. Hilo nalo ni baya. Huwezi kula sifa ya programu huria kisha ukamwadhibu anayetumia uhuru huo.

Lakini ipo njia ambayo magrupu yetu hayajaijaribu. Tuichukue plagini moja ya GPL ambayo wote tunaihitaji, tuifoki waziwazi. Tuipe jina jipya, tutoe nembo za wenyewe, tuache majina ya waandishi wa mwanzo ndani ya msimbo kama leseni inavyotaka, tuiweke mahali ambapo kila mtu anauona msimbo wote na mabadiliko yote. Apangwe mtu wa kufuatilia taarifa za usalama za plagini mama, na mwingine wa kutoa masasisho. Tuiunganishe na M-Pesa na Airtel Money, tuitafsiri menyu zake kwa Kiswahili. Tutoze hata elfu tano kwa mwezi kwa ajili ya huduma hiyo. Hapo nitalipa, na nitachangia saa zangu, na mwenye plagini ya mwanzo akilalamika nitasimama na hao walioifoki.

Kwa sasa, kwa wanaojenga tovuti za watu, naomba jambo moja tuanze nalo. Leseni inunuliwe kwa jina na barua pepe ya mteja, ufunguo akabidhiwe yeye, na kama umetumia foki, andika kwenye ankara jina lake, ilikotoka na nani anaitunza, ili siku ukiwa hupatikani fundi mwingine ajue pa kuanzia.